Kichekesho na Kanuni: Uhakiki wa Matamko ya Watoto Wadogo wa Kiswahili

Utangulizi

Hakuna nyumba yenye mtoto wa miaka miwili au mitatu isiyokuwa na hadithi ya kusimulia kuhusu maneno yake. Mtoto hutamka neno, wakubwa wakaangua kicheko, neno likachukuliwa barazani, likasimuliwa kwa majirani, likatiwa chumvi, na mwisho likawa mali ya ukoo mzima. Baada ya miaka ishirini, mtoto yule akiwa bwana harusi, hutokea shangazi akalikumbusha mbele ya wageni. Wataalamu wa fasihi simulizi wamezoea kushughulikia ngano, methali, vitendawili na nyimbo za kubembeleza watoto. Masimulizi haya madogo mara nyingi huachwa nje ya mlango, kana kwamba hayana fani wala maudhui. Wanaisimu nao huyaona kuwa ni mzaha wa nyumbani.

Makala haya yanakusudia kuyapima masimulizi hayo kwa mizani ya lugha na ya fasihi kwa pamoja. Hoja yake ni kwamba tamko la mtoto halichekeshi kwa sababu limekosa kanuni. Huchekesha kwa sababu linafuata kanuni mahali ambapo wakubwa wamezoea kuiacha, au kwa sababu linaangukia bila kukusudia juu ya maana nyingine iliyomo katika lugha. Hoja hii ikikubaliwa, patakuwa na haja ya kutazama upya jinsi matamko hayo yanavyokusanywa, yanavyoandikwa na watunzi, na yanavyotumiwa kuwahukumu watu wasiokuwa watoto.

Sikio la mkubwa

Tuchukue jambo lililo wazi kwa kila aliyemlea mtoto katika Kiswahili. Mtoto anayeanza kusema huelekea kushika silabi mbili za mwisho za neno, yaani pale mkazo unapokaa na silabi inayoufuata, na kuidondosha silabi ya mbele. Katika lugha nyingine hasara ya silabi ya mbele ni hasara ya sauti tu. Katika Kiswahili silabi hiyo mara nyingi ni kiambishi cha ngeli, na kuidondosha ni kuliondoa neno katika ngeli yake na kulitumbukiza katika ngeli nyingine, pamoja na maana zake.

Mtoto anayetaka kitabu akasema "tabu", na akaongeza kitenzi anachokijua vyema kuliko vyote, atakuwa amesema "Nipe tabu". Mama aliyechoka tangu alfajiri hana budi kucheka, maana tabu amekwisha kupewa. Mtoto anayetaka kikombe akasema "kombe" ameomba chombo kikubwa cha karamu, au cha washindi wa kandanda. Na yule anayetaka kijiko chake cha uji akasema "Nataka jiko" hupokelewa kwa kicheko cha namna ya peke yake na wajomba zake, kwa kuwa katika mazungumzo ya watu wazima kupata jiko ni kuoa.

Ni muhimu kutambua kichekesho kiko wapi katika mifano hii. Mtoto hana habari ya karamu wala ya ndoa. Alichofanya ni kupunguza mzigo wa ulimi kwa utaratibu ule ule katika maneno yote matatu. Lakini Kiswahili kina desturi ya kuondoa ki- ili kupata ukubwa: kisu huwa jisu, kikapu huwa kapu, kikombe huwa kombe. Njia ya mtoto ya kurahisisha neno inakutana, kwa bahati, na njia ya wakubwa ya kulikuza. Kicheko basi hakimo kinywani mwa msemaji, kimo katika sikio la msikilizaji, ambalo limejaa maana nyingi kuliko alizokuwa nazo msemaji. Mhakiki wa fasihi ataitambua hali hii mara moja, kwa kuwa ndiyo kejeli ya kidrama: hadhira inajua jambo ambalo mhusika halijui.

Kanuni inapozidi

Kundi la pili la matamko ni la yale ambayo wakubwa huyaita makosa ya sarufi. Mtoto aliyekwisha kuona kwamba tunda moja huwa matunda mengi, na jani moja majani mengi, atasema bila wasiwasi kwamba jino moja ni "majino" mengi na jicho moja ni "majicho" mawili. Hakuna mtu aliyemfundisha maneno hayo kwa maana hiyo. Ameyaunda mwenyewe, na kuyaunda kwake ni ushahidi kwamba hakariri tu, bali amekwisha kuikamata kanuni. Hapa tena Kiswahili kinatega mtego, kwa sababu "majicho" yapo katika lugha ya wakubwa, ila hutumiwa kwa macho makubwa yanayotisha au yanayochukiza. Mtoto anayemsifu bibi yake kwa "majicho" amemtukana bila kujua, na bibi hucheka kwa sababu tusi limetoka mahali ambapo hapana nia ya kutukana.

Ndivyo ilivyo katika vitenzi. Mtu husema "soma", "kaa", "lala", na mtoto aliyezoea amri za namna hiyo atamwita mwenziwe kwa "kuja" au "ja" badala ya "njoo", na atasema "enda" badala ya "nenda". Katika mnyambuliko atakuwa jasiri zaidi. Kwa kuwa kulala huzaa kulalisha na kupika huzaa kupikisha, mtoto aliyemkanyaga mende anaweza kusema kwamba "amemfisha". Wakubwa wanaosema "ameua" watacheka, lakini kicheko hicho si cha mtu mwenye kamusi mkononi, maana kitenzi "fisha" kimeorodheshwa humo kwa maana hiyo hiyo ya kusababisha kufa. Mtoto amelifikia kwa akili yake neno ambalo watu wazima wengi wamelisahau.

Jambo hili halikuanza kutambuliwa jana. Mwaka 1958 Jean Berko aliwaonyesha watoto wa Kiingereza picha ya kiumbe asiyekuwapo duniani, akampa jina la kubuni, kisha akawataka wataje wingi wake. Watoto waliutoa wingi huo, ingawa hawakuwa wamelisikia neno lenyewe hata mara moja. Jaribio lile lilithibitisha kwamba mtoto hubeba kanuni na si orodha ya maneno. Kwa upande wa lugha za Kibantu, Katherine Demuth alifuatilia watoto wa Kisotho nchini Lesotho mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaonyesha kwamba watoto wale hutumia kauli ya kutendwa kabla ya kutimiza miaka mitatu, jambo lililowashangaza waliodhani, kwa kuwatazama watoto wa Kiingereza, kwamba kauli hiyo ni ngumu mno kwa umri huo. Kinachoonekana kigumu katika lugha moja huwa chepesi katika lugha nyingine ambamo wakubwa hukitumia kila siku.

Jamii nayo ilikuwa mtoto

Wanaocheka "majino" na "fisha" hawana budi kukumbushwa kwamba Kiswahili chenyewe kimekua kwa njia hiyo hiyo. Neno kitabu limetoka katika Kiarabu, na humo sauti ya ki- ni sehemu ya shina lenyewe, si kiambishi. Lakini Waswahili walipolipokea walisikia ki- kama ile ya kiti na kikapu, wakalitolea wingi wa vitabu. Mwarabu aliyeusikia wingi huo kwa mara ya kwanza alikuwa na haki ya kucheka kama tunavyomcheka mtoto. Vivyo hivyo kile chuma kinachofunika gurudumu kililetwa na Waingereza kwa jina ambalo mafundi walilisikia kuwa ni madigadi. Na kwa kuwa ma- ni dalili ya wingi, kimoja kikawa digadi. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo. Kanuni ilifanya kazi katika vinywa vya mafundi kama inavyofanya kazi katika kinywa cha mtoto.

Hata hivyo jamii haikulikubali kila jambo ambalo kanuni ingaliruhusu. Waziri naye ametoka katika Kiarabu, na wa- yake ingaliweza kusikika kuwa ni ya wingi kama ya watu na wageni. Kama kanuni ingeachwa ijiendee, mmoja wao angekuwa "mziri". Haikuwa hivyo; mmoja amebaki waziri, na wengi ni mawaziri. Tofauti kati ya mtoto na jamii, basi, si kwamba mmoja ana kanuni na mwingine hana. Tofauti ni kwamba jamii ina mazoea yanayoikata kanuni mahali fulani, na mtoto bado hajayajua mazoea hayo. Kujua lugha kwa ukamilifu ni pamoja na kujua pale ambapo lugha imekataa mantiki yake yenyewe.

Mtoto mhakiki

Kundi la tatu linaigusa fasihi kwa karibu zaidi. Kiswahili kina mafumbo mengi ambayo kwa wasemaji wake yamekwisha kufa. Tumbo huuma, lakini hakuna anayefikiri meno yake. Simu hupigwa, pasi hupigwa, mswaki hupigwa, picha hupigwa, wala hakuna anayeumia. Mtoto hayajui mazoea hayo. Kwake "kupigwa" ni jambo moja tu, na analijua kwa ngozi yake. Akiambiwa kwamba leo atapelekwa kupigwa picha, anaweza kulia kwa hofu na kuahidi kwamba hatarudia tena. Wakubwa watacheka, lakini kilio kile ni uhakiki wa lugha. Kimefufua kitenzi ambacho matumizi ya kila siku yalikuwa yamekizika.

Mfano mwingine ni wa majina ya ukoo. Mtoto huambiwa mara mia kwa siku, "Babako amekuja", "Mamako anakuita". Anaweza kuamini kwamba "babako" ndilo jina la mtu yule, naye akamkimbilia mgeni mlangoni kumpasha habari: "Babako amelala." Mgeni ambaye baba yake yuko kijijini, au amekwisha kufariki, hushtuka kidogo kabla ya kucheka. Kiambishi cha umilikishi kimegandamana na jina, na mtoto hakupewa sababu yoyote ya kudhani kwamba neno hilo moja ni mawili.

Mwandishi aliyeyatilia maanani zaidi mambo kama haya alikuwa Mrusi Korney Chukovsky, aliyefariki mwaka 1969. Kitabu chake kuhusu maneno ya watoto kilitoka mara ya kwanza mwaka 1928, kikaongezwa na kuchapishwa tena na tena, na baadaye kikajulikana kwa jina lenye maana ya toka miaka miwili hadi mitano. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1963. Chukovsky alikuwa mshairi wa watoto kabla ya kuwa mchunguzi wa lugha yao, na aliyapokea matamko waliyomletea wazazi kwa barua kama mtu anavyopokea shairi. Alishikilia kwamba mtoto wa umri huo ni mfanyakazi mkubwa wa akili, na kwamba anapoupindua ulimwengu kwa maneno, akisema mbwa analia nyau, hufanya hivyo kwa kuwa amekwisha kujua ukweli na anaufurahia ujuzi wake. Mwaka huo huo wa 1928 Nadezhda Krupskaya aliushambulia utenzi wa Chukovsky kuhusu mamba katika gazeti la Pravda, akiuona ni upuuzi usiomfaa mtoto. Ubishi ule haukuwa wa mzaha. Aliyesema mchezo wa maneno ni upuuzi alikuwa anasema pia kwamba mtoto ni chombo cha kujazwa.

Hata hivyo Chukovsky anastahili kulaumiwa kwa jambo moja. Kwa kuwa alitegemea barua, alipokea yale tu yaliyowapendeza wazazi. Tamko lisilochekesha halikuandikwa, na mtoto akaonekana kuwa mshairi kutwa kucha. Lawama hii inayahusu masimulizi ya Waswahili pia. Mtoto anayesema "vitoto viwili vinalala" bila kosa lolote ametenda kazi kubwa zaidi ya kisarufi kuliko aliyesema "majino", lakini hakuna atakayemsimulia barazani.

Kosa kwa kipimo cha nani

Hapa panafikiwa jambo lililo zito kuliko yote. Ili tamko liitwe kosa, lazima pawe na kipimo. Kwa Kiswahili kipimo hicho kwa kawaida ni lugha sanifu, ambayo msingi wake, Kiunguja, uliteuliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 na kusimamiwa na Kamati iliyoundwa mwaka 1930. Lakini mtoto hajifunzi lugha ya kamati. Hujifunza lugha ya waliomzunguka. Mtoto wa Mji wa Kale wa Mombasa akisema "mato", na mwalimu kutoka mbali akadhani kwamba ulimi wake bado haujaweza kutamka "macho", kosa ni la mwalimu, maana mato ni neno la Kimvita ambalo bibi yake mtoto hulitumia bila kitembe chochote. Vivyo hivyo akimwita mwenziwe kwa "ndoo", hakumfananisha na chombo cha maji.

Nairobi inaleta tatizo kubwa zaidi. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu jinsi watoto wanavyojifunza Kiswahili, aliwachunguza watoto wa jiji hilo, akaona kwamba katika hatua za mwanzo huviacha mara nyingi viambishi vya nafsi na vya njeo, huku irabu ya mwisho wa kitenzi ikibaki salama. Ubora wa kazi hiyo ni kwamba iliwatazama pia wakubwa wa mazingira yale yale, ambao nao huweza kukiacha kiambishi cha nafsi katika mazungumzo yao. Mchunguzi ambaye angewapima watoto hao kwa kitabu cha sarufi sanifu peke yake angehesabu kuwa upungufu wa utoto jambo ambalo pengine ni sifa ya lugha waliyorithi.

Na hapa kicheko kinageuka sura. Mtoto wa miaka miwili akisema "kiti yangu", nyumba nzima hufurahi. Mchukuzi wa sokoni aliyekulia katika lugha nyingine akisema "kiti yangu", wasikilizaji hutazamana. Mtoto akisema "lafiki", hubusiwa. Mtu mzima ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi sauti hizo mbili akisema hivyo, huigizwa katika michezo ya kuchekesha na kabila lake likatajwa. Umbo la maneno ni lile lile, na mara nyingine sababu yake ni ile ile: msemaji ameshika kanuni pana kabla ya kushika mipaka yake. Kilichobadilika ni heshima ya msemaji machoni pa wasikilizaji. Wanaochekea utoto wa mtoto hawamdhuru, maana wanajua kwamba kesho atakuwa amevuka. Wanaomchekea mtu mzima humwambia kwamba hatavuka kamwe, na wengi walioambiwa hivyo wameamua kunyamaza, au kuzungumza Kiingereza ambacho pia hawakupewa muda wa kukosea. Walimu wa Kiswahili katika shule za Kenya wanalijua darasa lililojaa kimya cha namna hiyo.

Mtoto katika maandishi

Lawama ya mwisho iwaendee watunzi. Riwaya ya Kiswahili ina watoto wengi, lakini mtoto anayesema kama mtoto ni adimu. Mara nyingine utoto husimuliwa na mtu aliyekwisha kukua, kama afanyavyo Kongowea Mswahili katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora. Njia hiyo ni halali, kwa kuwa msimulizi ni mkubwa na lugha ni yake. Tatizo liko kwa mtoto anayesimama katika ukurasa na kusema kwa kinywa chake. Wapo watunzi wanaompa maneno ya mzee wa baraza, ili atoe funzo ambalo mtunzi mwenyewe aliona haya kulitoa. Wapo wengine wanaodhani wameukwepa mtego huo kwa kumtia kitembe: hubadili r kuwa l na s kuwa th, kisha wakaacha ngeli zote, njeo zote na viambishi vyote vya yambwa vikae sawasawa. Hiyo ni picha iliyopinduliwa. Mtoto mdogo anayepungukiwa na sauti kiasi hicho mara nyingi hupungukiwa na viambishi pia.

Nyuma ya makosa haya pana imani ya zamani inayoonekana katika methali. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Samaki mkunje angali mbichi. Katika maneno hayo ya hekima mtoto hukunjwa, huleawa, hufunzwa. Yeye mwenyewe hana atendalo. Kama maonyo ya malezi methali hizo zina uzito wake. Kama nadharia ya lugha hazitoshi, kwa sababu hakuna mzazi aliyewahi kumkunja mtoto wake hadi akasema "amemfisha".

Hitimisho

Idara za lugha zina nafasi ya kufanya jambo ambalo halihitaji fedha nyingi. Wanafunzi wengi wa Kiswahili wana wadogo zao nyumbani, Lamu, Kisumu, Nakuru na kwingineko. Kila mmoja akiandika matamko ya mtoto mmoja kwa mwaka mmoja, pamoja na umri wake kwa miezi, mahali, lugha za wakubwa wa nyumba ile, na maneno yaliyotangulia tamko lenyewe, patapatikana hazina ambayo masimulizi ya barazani hayawezi kuitoa. Yaandikwe yasiyochekesha sawa na yanayochekesha. Jina la mtoto lifichwe, ili neno alilolisema akiwa bado anasimama dede lisimfuate shuleni kama jina la utani.

Kicheko chenyewe hakina haja ya kupigwa marufuku. Nyumba isiyocheka "Nipe tabu" ni nyumba yenye tabu kweli. Linalotakiwa ni kwamba mcheshi na mtaalamu wakutane katika mtu mmoja, ambaye baada ya kucheka atajiuliza mtoto alifuata kanuni gani hata akafika pale, na atakuwa tayari kuuliza swali hilo hilo kwa heshima ile ile atakapomsikia mchukuzi wa sokoni.